Mpira Usiovuka Bahari

Wavulana wawili walizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mmoja Septemba 1994, mwingine Septemba 1995. Wazazi wao walikuwa wamekimbia vita katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Wote wawili walihamia Australia na jamaa zao wakiwa watoto, na wote wawili wakaja kupata riziki yao kwa mpira. Huyo mdogo ni Awer Mabil. Alikulia Adelaide, akaichezea Adelaide United akiwa bado kijana mbichi, kisha akaondoka: Denmark, Ureno, Uturuki, Uhispania, Ucheki, Uswisi. Juni 2022 alifunga mojawapo ya penalti zilizoitoa Peru na kuipeleka Australia Kombe la Dunia, na Wakenya wengi tulishangilia kana kwamba ni wetu.

Huyo mkubwa ni Aliir Aliir. Amecheza mechi zaidi ya 150 za ligi kuu, na mwaka 2021 aliteuliwa katika kikosi bora cha msimu cha ligi nzima. Lakini ukilitaja jina lake Nairobi, Lodwar au Kampala, ni wachache watakaolitambua. Mchezo wake ni mpira wa sheria za Kiaustralia, ambao wenyewe wanauita futi, na nchi inayomlipa mtu mshahara wa kuishi kwa kuucheza ni moja tu duniani. Nilisafiri kwenda kuona maisha ya kijana anayeweka ujana wake wote katika kazi isiyovuka mpaka, hasa kijana ambaye watu wake wamevuka mipaka mingi kabla ya kufika hapo.

Kakuma naijua, nimefika huko kikazi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, vijana wa Sudan walipoingia Kenya baada ya kutembea mamia ya kilomita. Iko Turkana, kwenye joto na vumbi, kando ya mto Tarach, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, kisha siku moja mvua hunyesha mbali na maji yakaja kwa kishindo. Jioni jua likipoa, kila penye nafasi watoto wanacheza soka. Mabil na kaka yake wamekuwa wakipeleka viatu vya mpira huko kupitia shirika lao la Barefoot to Boots, na viatu hivyo nimeviona miguuni mwa watoto. Mpira wa futi, wenye umbo la yai, sikuuona hata mmoja.

Safari yangu ilianzia Perth. Jamaa za Aliir walifikia Brisbane, mashariki ya mbali, na huko ndiko alikoanza kuushika mpira huu akiwa tayari mwanafunzi wa sekondari, ilhali wenzake walikuwa wameucheza tangu wakiwa watoto wa kubebwa. Baadaye akahamia magharibi na kuichezea East Fremantle katika ligi ya jimbo. Kutoka Perth unapanda treni hadi Fremantle, mji wa bandari wenye majengo ya mawe meupe ya chokaa, na mbele yako ni Bahari ya Hindi ile ile ya Mombasa, ila huku jua linazama ndani yake badala ya kuchomoza.

Mechi ya kwanza niliitazama huko, ya ligi ya jimbo, nikiwa nimesimama nje ya uzio pamoja na wazee waliovaa makoti na watoto walioshika vibanzi. Uwanja wenyewe ni duara refu, na wala haukukatwa kwa kipimo kimoja. Sheria inaruhusu urefu wa kuanzia mita 135 hadi 185, kwa hiyo viwanja hutofautiana. Kila upande una watu 18 ndani. Kila mwisho kuna nguzo nne zilizosimama wima bila mwamba wa juu: mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili ndefu za katikati ni pointi sita, ukipita pembeni ni pointi moja. Hakuna kuotea. Unaweza kukimbia na mpira mkononi mradi uudundishe chini kila mita 15 hivi. Huruhusiwi kuurusha. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unaushika kiganjani na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Na ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mita 15 au zaidi kabla haujagusa chini, mchezo unasimama kwa ajili yako, unapewa nafasi upige kwa utulivu.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo roho ya mchezo wote. Kwa sababu yake watu huruka. Mpira ukiwa juu, watatu wanne wanaukimbilia kwa pamoja, na mmoja anampanda mwenzake mgongoni, goti begani, na kuudaka juu ya vichwa vya wote. Nilipouona mruko wa kwanza wa namna hiyo nilipiga kelele peke yangu kabla ya uwanja mzima kunijibu.

Mzee mmoja aliyesimama karibu nami, aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, alinieleza kwamba karibu kila kijana niliyemwona uwanjani ana kazi nyingine. Yule ni fundi umeme, huyu ni mwalimu wa michezo, wale wawili bado wanafunzi. Wanafanya mazoezi jioni na kucheza Jumamosi. "Wote walitaka ligi kuu," akasema. "Wengine walishafika huko wakarudishwa."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hesabu ya kazi hii. Ligi kuu ya wanaume ina klabu 18, na kila klabu ina wachezaji arobaini na kitu katika orodha yake. Jumla ni nafasi zipatazo 800, na hizo ndizo nafasi zote za ulimwengu mzima. Kila Novemba hufanywa drafti: klabu zinaitwa kwa zamu, iliyoshika mkia ikianza, na kila moja inataja jina la kijana inayemtaka. Wengi wao wana miaka 18, wametoka kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari wiki chache tu zilizopita. Kijana hachagui klabu. Akitajwa na klabu ya upande wa pili wa bara, anafungasha nguo, anaaga nyumbani na kwenda, mara nyingi kuishi kwanza na familia asiyoijua iliyopangwa na klabu. Mkataba wa kwanza kwa kawaida ni wa miaka miwili. Na kwa kila jina jipya linaloingia kwenye orodha, jina moja la zamani limefutwa majuma machache kabla.

Mwanasoka anayefutwa hana raha, lakini ana ramani. Nawafahamu vijana wa kwetu waliokataliwa na Gor Mahia wakaenda Tanzania, wengine Zambia, wengine madaraja ya chini ya Uswidi, wakaendelea kulipwa kwa kazi ileile. Kijana wa futi anayefutwa akiwa na miaka 20 hana ligi ya Uswidi wala ya Zambia. Wapo wachache mno waliopata mlango mwingine, kama Sav Rocca, mfungaji aliyestaafu futi mwaka 2006 na mwaka uliofuata akaajiriwa Philadelphia kupiga mateke ya mbali katika mpira wa Kimarekani. Njia kutoka nje kuingia ndani ni pana zaidi kuliko ya kutoka ndani kwenda nje: Jim Stynes alitoka Dublin, akiwa mchezaji wa mpira wa jadi wa Ireland, na mwaka 1991 akatwaa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Lakini anayerudishwa kutoka ligi kuu hurudi pale nilipokuwa nimesimama na yule mzee wa bandarini, akicheza Jumamosi na kuwahi kazini Jumatatu.

Aliir alitajwa katika drafti ya 2013, chaguo la 44, na klabu ya Sydney Swans. Kutoka Perth hadi Sydney ni zaidi ya kilomita 3,000. Alifika akiwa na miaka 19, mrefu, mwepesi, bado anajifunza mambo ambayo wenzake waliyafanya bila kufikiri, na kwa misimu miwili mizima hakucheza hata mechi moja ya timu ya kwanza. Alicheza na kikosi cha akiba, wikendi baada ya wikendi, mbele ya watazamaji wachache.

Misimu hiyo miwili nadhani ilimfundisha mengi kuliko mpira. Katika chumba hicho hicho cha kubadilishia nguo alikuwamo Adam Goodes, mmoja wa wachezaji wakubwa waliopata kutokea, mwenyeji asilia wa Australia, mshindi wa Brownlow mara mbili, aliyetangazwa Mwaustralia wa Mwaka 2014. Mwaka 2013 Goodes alikuwa amemwonyesha mlinzi mtazamaji, msichana wa miaka 13, aliyemwita nyani. Baadaye alizungumza waziwazi kuhusu ubaguzi, na kwa malipo yake akazomewa. Mwaka 2015 alizomewa kila alipougusa mpira, kiwanja baada ya kiwanja, hadi akastaafu msimu ulipokwisha. Ilichukua hadi 2019 kwa ligi na klabu zote 18 kuomba msamaha. Kijana mweusi kutoka Kakuma aliyekuwa anangoja zamu yake aliyaona yote hayo yakimpata mtu bora kuliko wote pale. Sijui aibu gani ingetosha kwa jambo hilo. Ninachojua ni kwamba zamu yake ilipofika aliingia uwanjani.

Ilifika 2016. Alicheza beki, akashika nafasi, na Swans wakaenda hadi nusu fainali ya mwisho dhidi ya Geelong. Wakashinda. Katika mechi hiyo hiyo Aliir aliumia goti, na fainali kuu, ambayo huchezwa Melbourne mbele ya watu laki moja, akaitazama bila kuicheza. Swans wakafungwa na Western Bulldogs. Msimu uliofuata alicheza mechi chache tu. Angeweza kuishia hapo bila mtu kushangaa. Mwishoni mwa 2020 akahamia Port Adelaide.

Nami nikaelekea Adelaide.

Uwanja wa Adelaide uko kando ya mto Torrens, ambao watu wa Kaurna, wenyeji wa asili wa hapo, wanauita Karrawirra Parri. Siku ya mechi watu wanatoka kituo cha treni na kuvuka daraja la waenda kwa miguu kwa maelfu, na mji mzima unaonekana umevaa rangi nyeusi na nyeupe zenye mchirizi wa buluu ya kijani. Nilikaa upande wa kaskazini, penye kilima cha nyasi chenye mitini mikubwa, chini ya ubao wa matokeo wa mwaka 1911 ambao hadi leo unaendeshwa kwa mkono na watu waliomo ndani yake. Nyuma yake unaona minara ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Nimekaa katika viwanja vingi vya mpira, na kwa uzuri sijaona mfano wake.

Kabla ya kuanza, mashabiki wa Port wananyanyua skafu juu kwa mikono miwili na kuimba wimbo wa bendi ya INXS. Wameufanya desturi tangu 2014. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu alinikabidhi skafu yake ya ziada bila kuuliza ninatoka wapi wala ninaishangilia timu gani. Klabu hii ni ya mwaka 1870, ilizaliwa na watu wa bandari, na ukikaa kati yao unaona kwamba hawaendi kuitazama timu, wanakwenda kuwa pamoja nayo.

Aliir nilimtambua kabla hajageuka. Ana urefu unaokaribia mita mbili, na mikono mirefu inayoning'inia kwa utulivu. Beki wa futi kazi yake ya kwanza ni kumganda mfungaji na, mpira ukija juu, kuupiga ngumi uende mbali. Hiyo ndiyo kazi ya usalama. Aliir hufanya jambo la hatari zaidi. Anamwacha mtu wake. Anasimama hatua kadhaa mbali, anausoma mguu wa mpigaji aliye mita 60 mbele, kisha anaanza kukimbia wakati mpira bado haujapanda vizuri, na anafika unapotua, anaruka, anaudaka. Shambulizi la wapinzani linageuka kuwa shambulizi la Port. Akikosea, mtu aliyemwacha yuko peke yake mbele ya goli na uwanja mzima unaona ni kosa la nani. Nilimwangalia akifanya hivyo mara kadhaa mchana ule, na kila mara nilishika pumzi. Mtu anayejifunza mchezo akiwa mkubwa kwa kawaida hucheza kwa tahadhari, lakini huyu anacheza kwa kuamini macho yake. Hilo ndilo lililompa nafasi katika kikosi bora cha 2021.

Televisheni haionyeshi ukali wake. Hawavai kofia ngumu wala pedi mabegani. Robo nne za dakika 20, na saa inasimamishwa mpira ukitoka, kwa hiyo kila robo inakaribia nusu saa. Kiungo anaweza kukimbia kilomita 13 au 14 katika mechi moja, na katikati ya mbio hizo watu wa kilo 90 wanamgonga kutoka pande zote, maana katika duara hili hakuna mbele wala nyuma. Kutoka kilimani niliisikia miili ikigongana.

Julai 2023, katika uwanja huu huu, kwenye mechi ya watani wa jadi dhidi ya timu ya pili ya mji, Adelaide Crows, Aliir na mwenzake Lachie Jones waligongana vichwa kwa nguvu. Aliir alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo ambacho sheria inadai. Klabu ilitozwa faini ya dola 100,000, nusu yake ikiahirishwa. Kanuni za ligi zinasema mchezaji aliyepata mtikisiko asicheze kwa siku zisizopungua 12, na zimewekwa kwa sababu nzito. Angus Brayshaw wa Melbourne alistaafu Februari 2024 akiwa na miaka 28 kwa ushauri wa madaktari, baada ya kugongwa kichwani mara nyingi mno. Heather Anderson, aliyecheza ligi ya wanawake, alifariki 2022 akiwa na miaka 28, na ubongo wake ulipochunguzwa ukakutwa na ugonjwa unaotokana na kugongwa mara kwa mara. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza wa kike duniani kuthibitishwa kuwa nao.

Nalisema hili kwa uzito wote: kijana wa miaka 20 aliyegongwa kichwa asiulizwe kama anaweza kuendelea. Atasema anaweza. Mkataba wake ni wa miaka miwili, nafasi ni 800, na nyuma yake wapo wanaongoja. Swali hilo litoke mikononi mwake, na litoke pia mikononi mwa kocha. Nimeishi kuona mabondia wa kwetu wakizeeka kabla ya wakati, wakisahau majina ya watoto wao, na sitaki kuliona hilo kwa watu hawa ambao nimejifunza kuwapenda.

Malipo, kwa anayedumu, ni mazuri. Wastani wa mshahara katika ligi ya wanaume umevuka dola 400,000 za Australia kwa mwaka. Lakini wastani unawabeba nyota pamoja na mtoto wa mwaka wa kwanza, na huyo mtoto hupata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Kutoka Novemba hadi Machi anakimbia kujiandaa, ana kifaa kidogo kati ya mabega kinachorekodi kila hatua, anapimwa mafuta ya mwili, anaambiwa nini cha kula. Machi hadi Septemba anacheza, au anangoja kucheza. Ukimlinganisha na vijana wengine wa rika lake, amefanikiwa. Ila ni mafanikio yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa na mtu mwingine.

Melbourne niliifikia mwisho, na sikwenda kwanza kwenye uwanja mkubwa wa MCG, ingawa jirani yake ndiko sheria za mchezo zilikoandikwa Mei 1859, katika hoteli, na watu wachache akiwamo Tom Wills, mchezaji kriketi aliyetaka mchezo wa kuwashughulisha wenzake wakati wa baridi. Nilikwenda Footscray, magharibi ya mji, kwenye mikahawa ya Wahabeshi na vinyozi wa Sudan Kusini. Unapopita barabarani unasikia Kidinka, Kiarabu, Kiamhari, na mara kwa mara, kutoka kwa watu waliokulia Kakuma, Nairobi au Kitale, Kiswahili.

Upande huu wa mji ndiko alikokulia Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliyefika Australia 2003 baada ya kuishi Misri kwa miaka kadhaa. Mwaka 2013, akiwa na North Melbourne, alikuwa mzaliwa wa Sudan wa kwanza kucheza ligi kuu, na teke lake la kwanza likawa goli. Magumu yaliyomfuata ni mengi, pamoja na matusi ya rangi kutoka kwa watazamaji na majeraha makubwa ya nyonga mwishoni mwa 2018 ambayo wengi walidhani hatayapona. Mwaka 2020 akarudi kucheza ligi kuu. Akafuata mkondo mzima wa vijana. Mac Andrew, aliyezaliwa Misri, alitajwa chaguo la tano katika drafti ya 2021. Alikuwa amelelewa katika akademi ya klabu ya Melbourne, lakini kanuni za mwaka huo ziliizuia klabu kumdai kijana wa akademi yake akitakiwa na wengine katika machaguo 20 ya kwanza, akachukuliwa na Gold Coast, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka kwao. Agosti 2024 alipiga mpira baada ya king'ora cha mwisho na kuipa timu yake ushindi wa pointi moja. Wasichana nao wapo: Akec Makur Chuot, aliyepitia Kakuma, aliingia ligi ya wanawake katika siku zake za mwanzo na kuchezea Fremantle, Richmond na Hawthorn.

Niliyoyasikia Footscray niliambiwa na mama mmoja ambaye mwanawe wa miaka 17 yuko katika akademi ya klabu mojawapo. Alinikaribisha kwake baada ya kunisikia nikiagiza chai. Alikaa Kakuma miaka mingi kabla ya kuhamishiwa huku, na Kiswahili chake ni cha Turkana, cha haraka na kisicho na pambo.

"Kaka, mimi mwanzoni nilidhani ni vita," alisema kuhusu mechi ya kwanza ya mwanawe. "Nikaingia ndani ya uwanja nimtoe. Wakanirudisha."

Nilimuuliza kama sasa ameuzoea.

"Nimeuzoea kuuangalia. Kuuelewa, bado. Angecheza soka ningelala. Soka ikikataa hapa, unajaribu pengine. Huu ukikataa, umekataa."

Kijana mwenyewe aliingia akiwa na begi begani, akanisalimia kwa mikono miwili na kuniita anko. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Fremantle: kwa nini asichague mpira unaochezwa kila mahali? Hakujibu haraka. Alisema soka alicheza na watoto wa Kiafrika, basketiboli na watoto wa Kiafrika, lakini futi ndio mchezo ambao shule nzima ilikuwa inauzungumzia Jumatatu, na mwaka alioanza kuucheza vizuri ndio mwaka walimu walianza kulitaja jina lake sawasawa. Aliyasema bila uchungu. Akaongeza kwamba anamtazama Aliir kwenye simu kila jioni, mguu wa mpigaji kwanza, kisha anasimamisha picha na kukisia mpira utaanguka wapi.

"Na usipochukuliwa?"

"Nimeshaandikishwa ufundi umeme, siku moja kwa wiki. Na ligi ya jimbo ipo."

Mama yake alikuwa anamimina chai ya pili. Akasema klabu zimeshakuja kumhoji, moja ya Perth ikiwamo, na walimuuliza kijana kama nyumbani wataweza kumwachia aende mbali.

"Nikawaambia mimi nimehama vya kutosha," alisema. "Sudan, Kakuma, Nairobi, hapa. Wakimchukua Perth ataenda peke yake, atakula kwa mama mwingine huko, mimi nitampigia simu."

"Ni safari ya ndege ya saa nne tu, mama," kijana akasema.

"Nairobi pia walituambia ni mwendo wa siku mbili tu." Akamsogezea kikombe. "Mtihani wako wa hisabati unakuja kabla ya hiyo drafti. Tuanze na huo."